kINPen MED: kalamu ya plazma baridi, hesabu iko kwenye gesi

Kifaa hiki cha Ujerumani cha kutibu vidonda hupuliza mwale wa plazma, yaani gesi ya argoni iliyotiwa umeme (si plazma ya damu). Ngozini mwale hukaa chini ya nyuzi 40, hauunguzi, na huua hata vijidudu vilivyozoea dawa. Kinachotumika kila mara ni gesi. Kidonda cha kisukari cha sentimita 5 kwa 4, kwa dakika 1 kila sentimita ya mraba, ni dakika 20. Kwa lita 5 kila dakika, lita 100. Mtungi wa lita 10 wenye mgandamizo wa baa 200 hutoa lita 2,000 hivi, huisha kwa matibabu kama hayo mara 20 hivi. Kwa zahanati ya Chake Chake, piga hesabu ya mitungi kabla ya kuuliza bei.

Nyama iliyokufa iondolewe kwanza, mwale haupenyi mbali. Zile "kalamu za plazma" za saluni za kutolea chunjua ni kitu kingine kabisa: zinachoma!