Huduma ya kupima ardhi ya kando ya kijito, Mufindi: tathmini ya mteja

Mwaka jana mimi na ndugu zangu wawili tuliamua kununua ekari nne kando ya kijito kimoja cha Mufindi kinachopeleka maji yake Ruaha Mdogo, si kwa ajili ya kulima wala kupanda milingoti (mikaratusi), bali ili bonde lile lipumzike. Kwa kazi hiyo tuliitafuta kampuni ndogo ya upimaji na uthamini wa ardhi iliyoko Iringa mjini. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ninayo malalamiko ambayo bado tunayazungumza nayo, lakini huduma yenyewe inastahili kuelezwa, maana wengi wanaotaka kuhifadhi mito kwa njia hii hawajui hasa wanachokwenda kukinunua.

Sisi wenyewe hatukujua. Siku ya kwanza mpimaji, kijana mpole aliyetusalimu kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, kabla ya kufungua mkoba wake, alishuka mpaka ukingoni, akavuta utepe kutoka kwenye maji hadi mita 60, akachomeka kijiti, kisha akaniambia: "Mwalimu, kuanzia hapa kwenda majini hakuna wa kukuuzia. Mwenye shamba akipokea fedha zako kwa kipande hiki, amekuuzia mlio wa maji." Alikuwa anazungumzia kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu kingo za mito ndani ya umbali huo. Aliongeza kwamba hata juu ya kijiti ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini, na kinachobadilisha mikono ni haki ya kuitumia pamoja na mali iliyo juu yake. Mpimaji mwingine niliyemuulizia awali alikuwa tayari kunipimia mpaka katikati ya matete. Kwa ushauri huo peke yake nililipa ada bila kinyongo.

Hata hivyo, sheria ipo tangu 2004 na vinyungu, yaani bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, bado vilikuwa vimefika majini. Asiyeishi kwetu huenda asielewe: kinyungu ndicho kinachompa mkulima mahindi mabichi na maharage wakati mlima mzima umekauka, na humo ndimo hutoka ada ya mtoto. Ukimwambia aondoke bila kumwonyesha pa kwenda, atarudi wiki inayofuata, na sidhani ningemlaumu. Hapa ndipo kampuni ilinishangaza kwa uzuri. Mthamini wao alihesabu mlingoti mmoja mmoja, akaorodhesha mpaka matuta ya mboga na vichaka vya mianzi inayogemwa ulanzi, pombe ya kwetu, kisha akapendekeza kwamba sehemu ya fedha yetu iende kumpatia mzee aliyekuwa akituuzia eneo shamba la juu, lililo nje ya bonde, badala ya kumkabidhi noti zote mkononi. Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba ulanzi wake aendelee kuugema, nasi hatukuona sababu ya kukataa. Milingoti ilikatwa, na mahali pake tumeanza kupanda mivengi, miti ya asili inayopenda kando ya maji.

Kwa upande wa kijiji pia walijua njia. Walitupeleka kwanza kwa halmashauri ya kijiji, jambo linalotakiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na walisisitiza majirani wote wa mpaka wawepo wakati wa kusimika mawe. Kuwa wazaliwa wa kijiji kulitusaidia sana. Mgeni ajiandae kwa maswali mengi zaidi, nayo ni maswali ya haki.

Sasa malalamiko. Bei tuliyopewa kwa maandishi haikuwa na posho za vikao wala nauli ya safari ya pili, na tulipouliza tuliambiwa kwamba "hayo yanajulikana". Hayakujulikana kwetu. Ramani ilichelewa miezi mitatu, na ilipokuja ilikuwa imechora kijito kama mstari ulionyooka, ilhali kinapinda mara mbili ndani ya eneo letu. Kwa ardhi ambayo thamani yake yote iko kwenye ukingo, hilo si kosa dogo, kwa sababu zile mita 60 hufuata mpindo wa maji, hazifuati rula. Wameirekebisha, lakini baada ya mimi kwenda ofisini mara nne.

Je, ningewaajiri tena? Ndiyo, ila ningedai orodha kamili ya gharama kabla ya kutoa hata senti moja, na ningetembea nao ukingo wote nikiwa nimevaa buti za mpira. Jiwe moja la mpaka, lile la karibu na mkuyu, lilisombwa na mvua za Machi, nao wameahidi kuja kulisimika upya bila malipo. Bado nawasubiri.