Laki nne na nusu zangu na kozi ya programu za simu

Nilikuwa nimepanga kutoa nyota moja na kwenda zangu. Ila juzi wale wa chuo nilikosoma kozi wamenipigia tena simu, basi ngoja niyatoe yote.

Nilikuwa nauza dukani kwa shemeji yangu Kariakoo, nimechoka, nataka kazi ya kuandika kodi za kompyuta (siyo zile za TRA). Kila niliyemuuliza nianze na nini alinipa dini yake: huyu lugha ya Python, yule lugha ya Java, mwingine "jifunze Flutter dada, unaandika mara moja, Android sawa, iPhone sawa". Nikasema nisijichanganye, niende kwa wanaofundisha, wao ndio wanalijua soko. Dada wa mapokezi hakusita hata kidogo: Android, kila mtu ana simu. Nikaona kweli, ndani ya daladala nzima iPhone utazihesabu. Nikalipa zote kwa mkupuo, maana ukilipa kidogo kidogo inapanda.

Wiki za mwanzo sina neno. Tulifundishwa Android kwa Java, na mwalimu Java anaijua, anaifafanua ikaeleweka. Laptopu yangu ya GB 4 ilikuwa inaunguruma kama jenereta kila nikiwasha ile simu ya bandia ya Android Studio (programu ya kutengenezea app), mpaka nikawa nachomeka Tecno yangu kwa waya. Hilo siwalaumu sana, ingawa kuniambia kabla sijalipa kusingewapunguzia kitu.

Shida ilianza siku ya somo la kuvuta data kutoka mtandaoni. Mwalimu akaandika ubaoni AsyncTask, njia ya Android ya kufanya kazi ndefu nyuma ya pazia app isigande. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimesoma kwenye kurasa za Google wenyewe kwamba hiyo walishaiweka kando tangu Android 11, mwaka 2020, na kwamba tangu 2019 wanasema Kotlin, lugha nyingine ya Android, kwanza. Nikanyoosha mkono, kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, hii si wameshaiacha?"

Akaweka kalamu mezani. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. "Dada, umekuja kusoma au umekuja kunikagua?"

Darasa zima likacheka. Kijana aliyekaa nyuma yangu alicheka mpaka akapaliwa. Mwalimu akageukia ubao akaendelea, na naapa herufi zilikuwa kubwa kuliko mwanzo.

Angesema "naijua, ila nataka muelewe msingi", ningenyamaza. Hata "sijui" ningeipokea. Mtu mzima ametoa hela yake, anauliza kuhusu kitu alichokilipia, unamfanya kichekesho! Tangu siku ile hata feni yao nikaanza kuisikia inavyokwaruza, na chai ya mapumziko ikawa maji matupu. Pengine ilikuwa maji matupu tangu mwanzo.

Kisha nikaitwa usaili, kampuni ndogo Mikocheni. Swali la kwanza: "Unatumia Kotlin au Flutter?" Nikajibu Java. Kijana aliyenisaili akaandika kitu kifupi mno kwenye karatasi yake. Mpaka leo.

Sasa haki isemwe. Kazi ninayofanya hivi sasa haihusiani na programu za simu hata kidogo. Ni PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, kwa Laravel, kiunzi chake: mfumo wa ada wa shule moja, mzazi anapata namba, analipa, mhasibu anaona. PHP hiyohiyo ya 1995 ambayo vijana wanaicheka! Lakini wenye maduka na hoteli wanaonitafuta wana tovuti za WordPress, nazo ni PHP, na zikiharibika wanataka mtu leo, siyo kesho. PHP niliishika kwa miezi michache tu, kwa sababu klasi na objekti, yaani namna ya kupanga kodi, nilishazielewa kwenye Java. Java ya nani? Ya yule yule. Inaniuma kuandika hivi.

Kwa hiyo nyota tatu? Ngoja. Nikikumbuka kile kicheko, mbili. Ukitaka kwenda nenda, ila kabla ya kutoa hela soma matangazo ya kazi kumi au ishirini ya hapo ulipo, uone wanaomba nini, usimwachie dada wa mapokezi akuchagulie. Na ukiwa na swali kuhusu AsyncTask, meza.

Simu yenyewe ya juzi? Eti nikachukue cheti changu, kipo tayari siku nyingi. Nikalainika kidogo, nikauliza nije lini. "Siku yoyote dada, uje na elfu ishirini ya kukiprinti."

Nyota moja.