Asterisk kwenye seva ya nyumbani: uzoefu wangu wa miezi minane

Mama yangu ana miaka 78 na analala chumba cha chini, sisi wengine tuko ghorofani. Usiku mmoja mwaka jana alishikwa na kizunguzungu akaanguka kando ya kitanda. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Feni zilikuwa zinavuma, milango imefungwa, hakuna aliyemsikia. Tulimkuta alfajiri. Simu ya mkononi alikuwa nayo, lakini ilikuwa imeisha chaji, na hata ingekuwa nayo, mtu wa umri wake kutafuta jina kwenye kioo gizani bila miwani si jambo dogo. Asubuhi ile niliamua: chumbani kwa Mama iwekwe simu ya mezani, ya mkonga, na akiunyanyua tu, simu zote za nyumba zilie.

Seva nilikuwa nayo tayari. Ni kompyuta ndogo ya ofisini niliyoinunua mtumba, ina RAM ya GB 8 na mfumo endeshi wa Debian 12, na kazi yake ilikuwa kutunza picha za familia kwa Nextcloud na kurusha filamu sebuleni kwa Jellyfin. Kilichobaki ni kuchagua programu ya simu, yaani ya kuifanya seva iwe mtambo wa kuunganisha simu za nyumba. Nilitaka iwe programu huria, niweze kuifungua nione ndani, na isinidai ada ya kila mwezi.

Nilianza na FreePBX kwa sababu karibu kila niliyemuuliza aliitaja hiyo. Ni paneli ya kwenye kivinjari inayokaa juu ya Asterisk, programu huria inayounganisha simu zenyewe, na tangu toleo la 17 imehamia Debian 12. Skripti moja tu inakuletea kila kitu: Apache, MariaDB, PHP, Node.js na Asterisk yenyewe. Ila inataka mashine nzima iwe yake, isikae na Nextcloud ya watu, kwa hiyo niliitengea mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya seva ileile) yenye RAM ya GB 2. Jioni moja ilitosha kuwa na namba sita zinazopigiana. Ofisi yenye mapokezi, foleni za wateja na saa za kazi ningeipa FreePBX bila kusita, japo ujue kwamba baadhi ya moduli zake, kama ile ya kusanidi simu za mezani kwa mkupuo, ni za kulipia. Kwangu mimi ilikuwa kubwa mno. Ukibadilisha kitu unabonyeza kitufe, nayo inakuandikia mafaili mengi ya Asterisk. Ukiyagusa kwa mkono, mabadiliko yako yatafutwa mara nyingine ukibonyeza, isipokuwa umeyaandika kwenye mafaili yaliyotengwa kwa ajili hiyo. Simu ikigoma, nina sehemu mbili za kutafuta kosa: kwenye paneli, na kwenye Asterisk iliyo chini yake.

FreeSWITCH, programu nyingine huria ya simu, nayo niliijaribu siku tatu. Mwanzilishi wake, Anthony Minessale, alitokea kwenye Asterisk, na kazi yake ni imara kweli. Inakuja na namba 1000 hadi 1019 zimeshaandaliwa. Simu yangu ya kwanza ilichelewa sekunde kumi nzima kabla ya kuita, nikashinda nahangaika na ruta, kumbe ni onyo la makusudi: sikuwa nimebadilisha nywila ya awali, ambayo ni 1234. Huo utaratibu naupenda. Kilichonirudisha nyuma ni mafaili yake ya mipangilio ya XML, marefu, yanayoitana lile na lile, na pia kwamba ili kupata pakiti zilizotayarishwa inabidi ujisajili upewe tokeni, yaani msimbo wa ruhusa.

Mwisho nikarudi kwenye Asterisk tupu, bila paneli. Mark Spencer aliianza mwaka 1999 akitafuta mfumo wa simu wa kampuni yake ambao angeumudu kwa bei, na leo iko chini ya Sangoma, bado kwa leseni ya GPL. Kwenye Debian 12 hutaikuta katika hazina ya kawaida ya programu, kwa hiyo niliupakua msimbo wake na kuijenga mwenyewe. Usiogope neno kujenga. Ndani ya furushi kuna skripti iitwayo install_prereq inayoleta vinavyohitajika vyote, kisha ni amri nne au tano na kikombe cha chai. Nilichukua toleo la 22, la mwaka 2024, ambalo litapata marekebisho ya usalama hadi 2029.

Jambo moja lingeniokolea siku nzima kama ningeambiwa mapema. Maelekezo mengi ya zamani yanakufundisha kuandika faili la sip.conf. Hilo ni la chan_sip, moduli ya zamani ya SIP (lugha ambayo simu za mtandao huitana nayo), na chan_sip iliondolewa kabisa tangu toleo la 21. Siku hizi ni pjsip.conf, ambamo kila simu ina vipande vitatu: endpoint inayoeleza simu yenyewe, auth yenye jina na nywila, na aor inayoonyesha simu iko wapi kwa sasa. Ukielewa hivyo vitatu, mengine yanajieleza.

Na huu hapa ndio moyo wa mfumo mzima wa nyumba yangu, mstari mmoja kwenye extensions.conf, faili linaloeleza namba ikipigwa kifanyike nini:

exten => 100,1,Dial(PJSIP/201&PJSIP/202&PJSIP/203,40)

Maana yake: akipigiwa 100, simu ya chumbani kwangu, ya sebuleni na ya mke wangu zilie kwa pamoja kwa sekunde 40, wa kwanza kupokea ndiye anayeongea. Niliusoma mstari huo mara nyingi kwa sababu niliuelewa wote. Maisha ya Mama yanaweza kuutegemea, na sikutaka uandikwe na paneli mahali nisipopaona.

Chumbani kwa Mama niliweka adapta ya Grandstream HT801, kijiboksi chenye tundu moja la simu ya kawaida na tundu moja la waya wa mtandao, nikaichomekea simu ya vifungo vikubwa. Ndani ya kurasa zake za mipangilio kuna sehemu iitwayo Offhook Auto-Dial. Nikaandika 100, na muda wa kusubiri nikauweka sifuri. Siku ya kujaribu nilimwambia, “Mama, nyanyua mkonga tu, usibonyeze kitu.” Akaunyanyua taratibu kwa mikono miwili. Juu simu tatu zikalia kwa mpigo, wajukuu wakakimbilia kila mmoja ya kwake, na mimi nimesimama mlangoni namsikia Mama akisema, “Haloo? Haloo, nani mwenzangu?” Aliurudisha, akaunyanyua tena. Alifanya hivyo mara nne.

Mpangilio huo una gharama yake: yeye hawezi kupiga namba nyingine kwa simu hiyo. Tulikubaliana hivyo wote wawili.

Tatizo kubwa lilikuja kwa dada yangu aliye Leicester, Uingereza, ambaye naye alitaka namba ili ampigie Mama moja kwa moja. Intaneti ya nyumbani ninayolipia hainipi anwani ya umma, ile inayofikika kutoka nje. Ruta yangu inapewa anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, yaani tuko wateja wengi nyuma ya mlango mmoja. Nikakodi seva ndogo Ulaya iwe daraja, na kosa langu la kwanza likawa kuifungua bandari 5060, mlango wa mtandao unaotumiwa na SIP, hapo kwa dunia nzima. Kabla ya usiku kuisha logi ilikuwa imejaa wageni wanaobahatisha namba 100, 101, 1000 na nywila zake, wengine wakijitambulisha kama friendly-scanner. Wanachotafuta ni mfumo uliounganishwa na laini za nje, wapige simu za ng'ambo kwa gharama yako. Niliifunga asubuhi ileile. Sasa seva ile inapitisha WireGuard peke yake, yaani handaki la siri (VPN) kati ya vifaa vyetu, na simu za SIP zinatembea ndani ya handaki hilo. Kama una mpango wa kuweka simu nje ya nyumba, anzia hapo, usipitie nilikopitia.

Handaki likapatikana, simu ikaita, Mama akamsikia dada, lakini dada hakumsikia Mama. Sekunde ya kwanza sauti ipo, kisha kimya. Nilikesha siku mbili nikiangalia trafiki. Chanzo ni kwamba Asterisk, simu ikishapokelewa, huziacha pande mbili zitumiane sauti zenyewe kwa zenyewe. Adapta ya Mama haijui njia ya kwenda kwenye handaki; inazituma pakiti za sauti kwenye ruta, nazo zinapotelea huko. Dawa ilikuwa mstari mmoja kwa kila endpoint: direct_media=no, sauti yote ipite kwenye seva. Nikaongeza na rtp_symmetric=yes na rewrite_contact=yes, ili seva ijibu kule pakiti zilikotoka. Tangu hapo sauti ni safi. Tunatumia kodeki (njia ya kufungasha sauti) ya Opus kwa dada, kwa sababu kodeki ya zamani, G.711, pamoja na vifungashio vyake vya mtandao, inakula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, na Opus inaridhika na chini sana ya hapo.

Kwenye simu za Android tunatumia programu ya Linphone. Ni lazima uiondoe kwenye orodha ya programu zinazobanwa ili kuokoa betri, la sivyo simu italala nayo na haitaita. Hilo lihakiki usiku, simu ikiwa imekaa saa kadhaa bila kuguswa. Mchana itakudanganya.

Asterisk yenyewe ni nyepesi. Kwangu haifiki MB 100 za RAM, Nextcloud haijui hata kama kuna mgeni. Umeme ndio uliogharimu. Seva, ruta, swichi na adapta zote ziko kwenye UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme ukikatika ndipo giza linapoingia na ndipo Mama anapoweza kujikwaa. Inatupa kama saa mbili.

Tafadhali pia uelewe kwamba mfumo huu ni wa ndani. Haujaunganishwa na laini ya nje, na 112 haipigiki hapo. Simu ya mkononi ya Mama bado iko mezani, na sasa kuichaji ni zamu ya mwanangu mkubwa kila jioni.

Wiki iliyopita, saa tisa usiku, zililia zote tatu. Nilipokea mimi. “Mwanangu, maji yameniishia,” akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikamshushia jagi, nikakaa naye kitandani mpaka usingizi ukamchukua tena.