Matone ya fipronili na kitana cha chuma: uzoefu wangu kwa paka wa Lamu

Lawama ninayoisikia zaidi juu ya matone ya fipronili, dawa ya viroboto ya kudondoshea ngozini, ni kwamba ni feki: paka kapakwa Jumatatu, kufika Ijumaa viroboto wamejaa tena. Nimeyatumia kwa paka wa ndani na kwa wale wanaoshinda barazani, na nasema bila kusita kuwa dawa hii ni nzuri. Kinachokosewa ni hesabu. Kiroboto unayemwona Ijumaa si yule wa Jumatatu. Huyu ni mgeni, katoka mkekani.

Kiroboto jike hutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku. Mayai hayashiki kwenye manyoya. Hudondoka popote paka anapolala, iwe kwenye mto wa sufi, chini ya kitanda cha kamba au kwenye nyufa za sakafu ya chokaa iliyochakaa. Kwa joto na unyevu wa huku, mabuu hutoka baada ya siku chache, wakala vumbi na kinyesi cha viroboto wakubwa, kisha kila mmoja akajifungia kwenye kifuko chake. Dawa haipenyi humo. Akiwa ndani anaweza kungoja wiki kadhaa, hata miezi, mpaka asikie mtikisiko wa nyayo au joto la mwili, ndipo atoke. Ndiyo sababu nyumba ya wageni iliyofungwa msimu mzima kule Shela, ukiingia tu, wanakurukia miguuni hata kama hakuna paka aliyelala humo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo sanduku la vichupa vitatu si la paka watatu, ni la paka mmoja kwa miezi mitatu. Wapake paka wote wa nyumba siku moja, na urudie kila baada ya wiki nne. Dawa huua viroboto walio mwilini ndani ya saa 24, na wanaotoka vifukoni baadaye hufa wakishampanda paka. Mwezi wa kwanza utaendelea kuwaona, wa pili watapungua sana, na wa tatu ndio wa kumaliza mabaki. Wengi huachia wa kwanza wakidhani wametapeliwa.

Dukani, soma sanduku kabla ya kuuliza bei. Litafute neno fipronili na picha ya paka. Kichupa cha paka kina nusu mililita. Cha mbwa mdogo wa hadi kilo 10 kina mililita 0.67, na cha mbwa wa kilo 20 hadi 40 kina 2.68, ndipo watu hushawishika kununua kimoja kikubwa na kuwagawia paka watano. Msifanye hivyo, jamani. Baadhi ya matone ya mbwa yamechanganywa na permethrini, dawa nyingine ya kuulia wadudu, na masanduku hufanana. Permethrini ni sumu kali kwa paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja: huanza kutetemeka masikio na miguu, mate yanamtoka, halafu kifafa. Ikishatokea, mwoshe upesi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo na umkimbize kwa daktari wa mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni hatari vilevile, hata ikizimuliwa. Mafuta ya taa nayo humchoma ngozi, na akijilamba yanamwingia tumboni na mapafuni.

Angalia pia tarehe ya mwisho na namna mzigo ulivyosafiri. Dawa hii hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30. Kifurushi kinachotoka Mombasa au Malindi hushinda kwenye basi mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha kikapanda boti, na mara nyingine hukaa juani gatini. Mimi humwomba muuzaji akifunge ndani ya gazeti nene na kukiweka mkoba wa juu, si chini ya basi karibu na injini. Kichupa kilichovimba au kilichovuja nakirudisha.

Kupaka kwenyewe ni kazi ya dakika moja, na ndiko dawa nyingi inakopotea. Paka asiwe ameoshwa siku mbili kabla, wala asioshwe siku mbili baadaye, kwa sababu dawa hutambaa kwenye mafuta ya ngozi na sabuni huyaondoa. Mfunge kikoi mwilini, kichwa kibaki nje, mtu wa pili amshike. Shika kichupa wima, kigonge kidogo dawa ishuke, ndipo ukivunje ncha. Kisha kisogoni, pale fuvu linapokutana na shingo, tenga manyoya kwa vidole viwili mpaka uione ngozi nyeupe kama mstari. Ncha iguse ngozi. Minya yote, bila kuachia vidole mpaka umeiondoa ncha, la sivyo kichupa huivuta dawa irudi ndani. Ukiona manyoya yamelowa kama yaliyomwagiwa mafuta na ngozi imebaki kavu, hapo umeyapaka manyoya. Ukishuka chini mpaka kati ya mabega, ulimi wake unaweza kufika. Akilamba atatoa mate mengi kwa muda mfupi, ladha yake ni chungu. Hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe. Paka wanaolambana watenganishwe mpaka pakauke.

Asiyestahili dawa hii ni kitoto cha chini ya wiki nane, au paka asiyefika kilo moja. Na kama nyumbani mna sungura, usimpake hata tone, fipronili humuua.

Kwa hao wadogo ndipo kitana kinapolipa gharama yake. Ninachokisifu ni cha chuma kisichoshika kutu, meno yamebanana kiasi kwamba unywele hupita na kiroboto hapiti. Cha plastiki hupanuka meno baada ya muda mfupi. Cha chuma kilichopakwa rangi ya fedha tu hakidumu na hewa hii ya chumvi; kutu huanzia kwenye mashina ya meno na kukwaruza ngozi. Weka bakuli la maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo kando yako. Sabuni ni ya lazima, maana kwenye maji matupu kiroboto huelea na kuruka tena. Penye sabuni huzama. Anzia shingoni, nenda mgongoni, malizia kwenye shina la mkia, ambako hujazana zaidi. Kila mchano mmoja, chovya.

Meno yakitoka na punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, zidondoshe kwenye pamba nyeupe iliyolowa. Ngoja kidogo. Zikitandaza wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, damu iliyosagwa, na paka wako anao hata kama hujamwona mmoja. Zikibaki nyeusi ni vumbi tu. Kitoto chenye viroboto wengi mfunue mdomo utazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, damu imepungua, na hilo si la kusubiri kesho.

Kuna aina moja ambayo kitana hakiiwezi. Penye banda la kuku karibu, paka hupata viroboto wa kuku, wanaojikita kwenye kingo za masikio kama safu ya vidoa vyeusi visivyosogea. Watu hudhani ni uchafu au ukoko. Hawa huchomeka mdomo ngozini na kubaki papo hapo. Wabandue kwa kibano mmojammoja, au paka vaselini nyembamba ya kuwaziba pumzi, bila kuingiza ndani ya sikio. Banda lisiposafishwa, taka zake zikaondolewa mpaka kwenye udongo, watarudi.

Upande wa nyumba, fanya siku ileile ya matone. Vitambaa anavyolalia paka vifuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi. Mkeka usikung'utwe chumbani, utasambaza mayai; ukunje taratibu ukaukung'ute nje, uanikwe juani pande zote mbili, na mto wa sufi vilevile. Sakafu ifagiliwe kila siku kwa wiki tatu, hasa pembeni na kwenye nyufa, taka zifungwe mfukoni zitupwe papo hapo. Kufagia kunasaidia kwa njia mbili: kunaondoa mayai, na mtikisiko wake unawaamsha walio vifukoni watoke wakutane na dawa.

Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele chini ya mkia, ni tegu, na paka humpata kwa kummeza kiroboto wakati wa kujilamba. Prazikwanteli, dawa ya minyoo, humtoa, lakini ukimpa kabla ya kumaliza viroboto, punje zitarudi baada ya wiki chache na utailaumu dawa bure.

Karatasi ya maelezo haitaji birika, tangi la maji lililojengwa ndani ya nyumba, kwa sababu walioiandika hawajui nyumba za Lamu. Fipronili ni sumu kwa samaki. Ukimaliza kupaka usichote maji kwa mikono hiyo kwenye birika, wala usisuuze humo kitana, kama mmeweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Nawa kwa maji ya kopo, mbali na birika. Kichupa kitupu nacho kifunge kwenye karatasi na ukitie kwenye taka, kisitupwe mtaroni, maana mitaro yetu inaishia baharini.