American Fantastic Tales, juzuu zote mbili: uzoefu wangu

Juzuu hizi za hadithi fupi za kutisha za Kimarekani alizikusanya Peter Straub, zikatolewa na Library of America mwaka 2009. Nimezisoma zote na nazipa nyota tano.

Fantasia ya giza, yaani hadithi za mizimu, mapepo na mambo yasiyoelezeka, huko Marekani imesukumwa miaka mingi kwenye kapu la fasihi pendwa, ile ya kujiburudisha tu. Straub hakubishana na wahakiki, amewapanga waandishi tu. Hawthorne, Melville na Edith Wharton, waandishi wanaoheshimiwa na wahakiki, wamekaa safu moja na H. P. Lovecraft, aliyechapishwa kwenye majarida ya bei rahisi kama Weird Tales na kufa fukara mwaka 1937. Ukisoma mfululizo, mpaka kati yao huuoni.

Iliyonishika zaidi ni "Young Goodman Brown" ya Hawthorne, ya mwaka 1835. Kijana wa Salem anamuaga mkewe, Faith, anaingia msituni usiku akiwa na mtu mwenye fimbo kama nyoka. Njiani anamwona bibi aliyemfundisha dini utotoni, naye anaelekea huko huko kwenye mkutano wa Shetani. Shemasi yumo, mchungaji yumo. Kisha utepe wa rangi ya waridi unadondoka kutoka angani, utepe wa mkewe! Ilibidi nifunge kitabu kwanza. Na mjue kwamba John Hathorne, babu wa kale wa mwandishi, alikuwa hakimu katika kesi za uchawi za Salem mwaka 1692. Hawthorne aliandika dhambi ya ukoo wake na ya mji wake. Mtu akiniambia hadithi za aina hii ni za kupotezea muda, inaniuma kweli.

Yumo pia Charlotte Perkins Gilman: katika hadithi yake mke anakatazwa kuandika na mumewe daktari, eti ndiyo tiba, mpaka anaanza kumwona mwanamke akitambaa nyuma ya karatasi ya ukutani. Gilman mwenyewe alipitia tiba ya namna hiyo.

Kasoro zipo. Kila juzuu ina kurasa zaidi ya 700, huwezi kuisoma umelala chali. Tena ni hadithi fupi tu, kwa hiyo Beloved ya Toni Morrison haimo, ingawa mzimu wa mtoto aliyeuawa na mama yake ndiyo roho ya riwaya ile.

Kama pesa inatosha moja tu, chukua ya kwanza. Charles Brockden Brown anayeifungua ana sentensi ndefu za kizamani. Mruke, anza na Hawthorne, utamrudia baadaye.