Rivyu ya FDS na Smokeview: programu safi sana, ila moto unakuja nao mwenyewe

Naipa nyota nne kati ya tano, nasema mapema ili asiyetaka maelezo marefu aondoke na jibu lake. Kwa mliobaki, nazungumzia FDS, programu ya kuigiza moto na moshi ndani ya jengo kwenye kompyuta, pamoja na mwenzake Smokeview anayekuchorea matokeo uyaone kwa macho. Imetoka NIST, ile taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, VTT ya Ufini nao wana mkono wao humo, toleo la kwanza la umma lilitoka mwaka 2000 na toleo la sita mwaka 2013, na mpaka leo haina malipo, unapakua tu, na msimbo wake (code) uko wazi ukitaka kuuchungulia. Kwa kitu cha bure kazi yake inatisha na hapo sijatia chumvi.

Mimi naipima kwa kazi moja, kuandaa senario za moto kwa jengo linalosanifiwa kwa utendaji. Kwa wasioijua hii njia, badala ya kufuata kitabu cha kanuni kinachosema mlango uwe upana huu na ngazi ziwe umbali huu, we injinia unatakiwa uthibitishe kwamba moto ukitokea watu watatoka kabla moshi haujawakuta. Unapiga muda uliopo mpaka hali inakuwa haivumiliki, unapiga na muda ambao watu wanauhitaji kutoka, ukijumlisha ule wa kushtuka, kuulizana na kuzubaa ambao wengi wanausahau, halafu ule wa kwanza uuzidi wa pili kwa ziada ya kueleweka. FDS inakupa ule wa kwanza, wa pili utautafutia pengine.

Kwenye kusafirisha moshi kutoka ulipo moto mpaka walipo watu, hii kitu ni hodari. Mwongozo wake wenyewe unasema ukiipa moto ambao nguvu yake inajulikana, joto na kasi ya hewa inavikadiria ndani ya asilimia 10 hadi 20 ya vipimo vya majaribio, kutegemea na ulivyogawa meshi yako, yani vile visanduku vidogo (seli) ambavyo kompyuta inaligawia jengo ili ipige hesabu. Chukua jengo lenye uwazi mkubwa katikati unaopanda ghorofa kadhaa, moshi unapanda, njiani unavuta hewa, unaongezeka wingi huku unapoa, mwingine unaanza kutawanyika pembeni kabla hata haujafika darini, sasa hayo ukiyapiga kwa fomula ya mkono unapata namba moja ya urefu wa tabaka la moshi basi, lakini huku unaona kabisa korido ya ghorofa ya nne inajaa kabla ya ile ya tatu na unaelewa kwanini.

Na kompyuta kumshinda mtaalamu kwa mambo ya namna hii halijaanza leo. Moto wa stesheni ya King's Cross London, 1987, uliua watu 31, na uigaji wa kompyuta (sio FDS, ilikuwa haijazaliwa) ulionyesha miali imelala chini ndani ya mfereji wa ngazi za umeme badala ya kusimama. Wengi hawakuamini, wakadhani programu imekosea, mpaka modeli ndogo ilipojengwa na kuchomwa na moto ukafanya vilevile. Kwahiyo mtu akikwambia haya mambo ni michoro ya rangi tu mpe hiyo.

Sasa ile nyota ya tano.

FDS haikuchagulii moto. Haijui jengo lako litakuwa na nini, haijui mlango upi utaachwa umewekewa kabari, haijui stoo ya chini ya ngazi itageuka ghala la viti vya plastiki. Wewe ndo unaiambia moto uko hapa, unakua hivi, unafika nguvu hii, unatoa masizi kiasi hiki. Ni kama mashine ya kusaga, ukimwaga pumba inakusagia pumba kwa ustadi mkubwa kabisa. Ukweli ni kwamba waliotengeneza wameandika wazi kwamba kuipa nguvu ya moto na kuiacha yenyewe itabiri nguvu ya moto ni mambo mawili tofauti, na hilo la pili lina mashaka makubwa zaidi. Tatizo watu hawasomi, wanakimbilia rangi.

Anayebisha asome habari za Dalmarnock. Mwaka 2006 chuo kikuu cha Edinburgh kiliongoza majaribio ya kuchoma fleti halisi huko Glasgow, na kabla matokeo hayajawekwa hadharani timu kadhaa za wataalamu zikaombwa zitabiri moto utaendaje. Walipewa maelezo ya kina, chumba, samani, moto unaanzia wapi. Wengi walitumia FDS ya wakati huo, wachache CFAST, programu nyingine nyepesi zaidi ya NIST ambayo nitaifikia. Majibu yakatawanyika vibaya sana, mwingine chini mwingine juu, kila mtu na lake. Hao ni wataalamu, programu ile ile, fleti ile ile. Kilichowatofautisha zaidi ni maamuzi ya mtu mwenyewe, hasa sofa litawakaje na nini kitashika baada yake. Kwahiyo kila ukiona ripoti imeandikwa "matokeo ya FDS yanaonyesha" jiulize aliyekaa kwenye kibodi aliamua nini.

Njia ya kawaida ya kuuelezea moto wa usanifu, yani ule moto wa kudhania unaolipimia jengo, ni ile ya muda uliozidishwa kwa muda, yani muda ukiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne. Kuna madaraja manne, wa taratibu unafika kama megawati 1 kwa sekunde 600, wa wastani 300, wa haraka 150 na wa haraka mno 75. Yanaonekana maneno tu lakini cheki, kwenye sekunde ya 300 moto wa wastani uko kama megawati 1 wakati wa haraka umeshapita megawati 4. Neno moja umebadilisha kwenye ripoti! Na mjadala wa neno hilo ndo unatakiwa ufanyike mezani na mwenye jengo, msanifu na mamlaka ya zima moto kabla hujawasha kompyuta, sio baada ya simulesheni kuisha na mteja kusema "sasa haya majibu hayafai".

Masizi nayo. Hapa ndo pananiuma kuliko kote. Toleo la sita usipoandika kiasi cha masizi, programu inachukua sifuri, na hapo moshi wako unakuwa msafi kama hewa ya asubuhi na kila mtu anaona kibao cha kutokea mpaka mwisho. Na hata ukiandika, mbao zinatoa kama gramu 15 za masizi kwa kila kilo inayoungua, sponji la poliyurethani la kwenye sofa linapita gramu 100 kirahisi, na umbali wa kuona unapungua kadri masizi yanavyoongezeka hewani, moshi ukiwa mzito mara mbili unaona nusu. Nishapitia ripoti ya kampuni moja ya ushauri (jina naliacha) ya ukumbi wa kusubiria uliojaa masofa, moto wa megawati 1 katikati ya ukumbi, masizi ya mbao, umbali wa kuona mita 10 umetunzwa dakika zote, ripoti kurasa kibao na video ya Smokeview inazunguka kama filamu. Nikauliza mbona samani ni sponji na moto ni wa kuni, kimya. Programu haikukosea hata desimali moja pale.

Ndo maana nasema FDS peke yake haitoshi, unahitaji mahali pa kuchota senario, na hapa napendekeza NFPA 101, kanuni ya Marekani ya usalama wa watu ndani ya majengo, hata kama jengo lako haliko chini yake. Ina senario nane za lazima kwa njia ya utendaji na uzuri wake zinakulazimisha kufikiria ubaya. Ya kwanza ni moto wa kawaida wa jengo la aina hiyo, hiyo kila mtu anaiweka. Ya pili ni moto wa haraka mno kwenye njia kuu ya kutokea, milango ya ndani ikiwa wazi, na hiyo wateja wanaichukia kwasababu inaua ule mlango mzuri wa mbele ambao msanifu ametumia miezi kuupendezesha. Lakini watu hukimbilia walikoingilia. Klabu ya The Station kule Rhode Island, 2003, fataki za jukwaani ziliwasha sponji la ukutani, watu wakajazana mlango mkuu wakanasa, wakafa 100, na NIST walipochunguza walitumia hiyo hiyo FDS kuurudia moto ule.

Kuna ya moto unaoanzia chumba kisicho na mtu na kutishia ukumbi wenye watu wengi, kuna ya moto ndani ya ukuta au juu ya dari jirani na ukumbi, kama uwanja wa ndege wa Düsseldorf 1996, mafundi wa kuchomelea, kihami cha polistaireni juu ya dari, watu 17. Kuna ya moto wa polepole uliojificha springla (vile vinyunyizio vya maji vya darini) zisiufikie, ya shehena kubwa kabisa ya vitu vinavyoungua, ya moto unaoanzia nje ya jengo. Na ya nane ndo kipimo cha uanaume kwa ripoti yoyote: mfumo mmoja mmoja wa ulinzi unachukuliwa haufanyi kazi, halafu uone. Springla haikufunguka. Feni ya moshi haikuwaka. Mlango wa moto haukujifunga. Ripoti nyingi zinazopendeza zinakufa hapa. Nyuzilandi nao wana utaratibu wao wa senario kumi ambao umeenda mbali zaidi, umekuandikia mpaka ukuaji wa moto na masizi ya kutumia, kwahiyo ubishi wa mezani unapungua. Wengine wanaona unamfunga injinia mikono, mimi naona bora kufungwa mikono kuliko kuachiwa uchague moto unaompendeza mteja.

Sasa usiniambie utaziendesha zote nane, kila moja na mabadiliko yake, kwenye FDS. Muda! Kwa moto wa megawati 1 unataka seli za kama sentimita 10 karibu na moto, na ukizipunguza upana nusu muda wa kompyuta unazidi kama mara 16, sababu seli zinakuwa mara nane na hatua za muda nazo zinakatwa nusu. Simulesheni ya usiku mmoja inakuwa ya kama wiki nzima. Kwahiyo nashauri uchukue na CFAST, ndugu yake mdogo kutoka NIST hao hao, bure vilevile. Yeye chumba anakigawa tabaka mbili tu, moshi juu hewa safi chini, anamaliza kwa sekunde. Chujia senario zako huko, badilisha ukuaji, badilisha milango, ukishajua mbili tatu zinazotishia kweli ndo uzipeleke FDS. Kwenye uwazi mkubwa au korido ndefu sana msimwamini CFAST sana, hilo lipo nje ya uwezo wake, ila kwa kuchuja hana mpinzani.

Kabla ya vyote viwili, karatasi na kalamu. Moto wa chumbani hauwezi kuungua ndani zaidi ya hewa inayoingia, na kanuni ya haraka ni kama megawati 1.5 ukizidisha na eneo la mlango na kipeuo cha pili (square root) cha urefu wake. Mlango wa mita 2 kwa sentimita 90 unakupa kama megawati 3.8 hivi. Nimeona mtu kaweka megawati 10 ndani ya chumba cha mlango mmoja, anashangaa kwanini miali inawakia koridoni. Inawakia koridoni kwasababu ndo kwenye hewa, mzee, na hiyo nayo ni senario, tena mbaya, usiifute.

Mengine haraka haraka. Faili la kuingizia ni maandishi matupu, hamna vitufe, siku za mwanzo utalia, kuna programu za kulipia zinazokuwekea sura nzuri juu yake ila jifunze faili lenyewe kwanza, maana mkaguzi makini ataomba faili sio picha. Miongozo yake ni minene na imeandikwa vizuri kuliko ya programu nyingi za kulipia. Majaribio ya uthibitisho wamechapisha, unaweza kulinganisha hali yako na waliyoyapima, na kama hali yako haifanani na chochote mle basi matokeo yako ni makisio yenye rangi. Betri za lithiamu kwa mfano, vyumba vya kuchajia vinaingia kwenye majengo kila siku, na gesi zinazotoka betri ikianza kujichemsha yenyewe FDS haizijui usipompa kutoka kwenye vipimo, na megawati za daraja la "haraka" ulizozoea hazisemi chochote kuhusu gesi iliyojikusanya bila kuwaka ikisubiri cheche.

Nani apakue: injinia wa moto, mwanafunzi mwenye subira, na hasa wakaguzi wa mamlaka ili waweze kufungua faili la mshauri na kubadilisha namba moja tu, ya masizi au ya ukuaji, waone ripoti inasimama au inaanguka. Nani asipakue: anayetafuta video ya kumridhisha mteja kwenye kikao cha Jumatatu. Huyo Smokeview itampa anachotaka, na hapo ndipo ile nyota ya tano ilipokwenda.