Boti ya matanga ya mtumba, futi 33: uzoefu wangu kabla ya kuivusha Kilifi hadi Unguja

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Tangazo lilisema boti "iko tayari kwa safari ndefu", na muuzaji akashikilia kwamba mtu anaweza kulipa Ijumaa na kung'oa nanga Jumamosi. Ni boti ya faiba ya miaka ya 1980, mlingoti mmoja, injini ya dizeli ya nguvu za farasi 20, na imekaa miaka kadhaa kwenye hori la Kilifi. Umbo lake sina neno nalo: inashika njia, inakwenda joshi, yaani karibu na upande upepo unakotoka, bila ukaidi, na faiba yake ni nene kuliko za siku hizi. Nyota nilizokata ni za yale niliyoyakuta baada ya kufungua mbao za sakafu.

Horini boti haipimwi. Uchafu wa tangi umelala, nyaya za mlingoti hazijavutwa kwa nguvu, usukani haujapigwa na wimbi. Ukishatoka nje ya mwamba vyote hivyo hujaribiwa kwa pamoja, mara nyingi usiku, na nusu ya watu melini wanatapika. Ndiyo maana boti iliyonunuliwa juzi huharibikiwa na vitu vitatu kwa siku moja, na watu wakasema ina mkosi.

Ningeanza na tangi la dizeli. Likikaa nusu, unyevu wa hewa hugeuka maji, maji hushuka chini ya dizeli, na pale yanapokutana huota vijidudu na ukungu unaoacha utando mweusi kama masimbi ya kahawa. Boti ikitulia, injini inanguruma vizuri tu. Ikianza kuyumba, utando hunyanyuka, filta huziba, na injini huzimika pale pale unapoihitaji, mlangoni mwa mwamba. Niliingiza kijiti kwenye tundu la ukaguzi nikakuta tope la karibu sentimita mbili. Kumwaga dawa peke yake hakutoshi, kunaweza hata kuongeza balaa, kwa kuwa vijidudu vikifa hubanduka kwa wingi na kukimbilia kwenye filta. Tangi linyonywe hadi sakafuni na lipanguswe kwa mkono.

Filta ya kwanza weka ya maikroni 10 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), yenye bakuli na koki ya kutolea maji. Ya pili, iliyo kwenye injini, kwa kawaida ni ya maikroni 2. Mimi nabeba sita za kwanza na mbili za pili. Baada ya kubadilisha filta, mfumo lazima utolewe upepo: legeza skrubu iliyo juu ya filta ya pili, piga kiwiko cha pampu ndogo mpaka dizeli itoke bila povu, kaza, halafu rudia kwenye pampu kubwa. Injini ikigoma bado, legeza nati za nozeli huku mwenzako akipiga stata. Hapa ndipo wengi huua injini: ukipiga stata muda mrefu bila injini kuwaka, funga kwanza vali ya maji ya kupoozea, la sivyo maji ya chumvi yatajaa kwenye ekzosi na kurudi ndani ya silinda. Ikiwaka, fungua papo hapo, kabla impela ya mpira, gurudumu linalosukuma maji ya kupoozea, haijaungua kwa kuzunguka kavu. Zoezi hili lifanyike nangani mpaka mikono izoee. Harufu ya dizeli chini ya sitaha, boti ikiwa inarushwa, humtapisha hata aliyezaliwa baharini.

Chini ya mstari wa maji boti ina matundu saba, na vali mbili kati ya hizo zilikuwa za brasi ya kawaida. Kwaruza kwa kisu: ukiona rangi ya waridi badala ya manjano, zinki imeshaliwa na chumvi, na vali hiyo inaweza kukatika mkononi siku utakapoifunga kwa nguvu. Weka za bronzi, au za plastiki ngumu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kila mpira uwe na klipu mbili, na kila klipu ipitishie sumaku kwenye skrubu yake. Sumaku iking'ang'ania, hiyo ni skrubu ya chuma cha kawaida na itaoza. Tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya maji huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu ya kutolea maji ya boti hii imeandikwa lita 7,500 kwa saa, yaani 125 kwa dakika, lakini hiyo ni hesabu ya karatasini. Ikipandisha maji mita moja kutoka kwenye ngama, yaani chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika, na betri imechoka, hupungua sana. Kwa hiyo kizibo cha mti laini kifungwe kwa kamba kando ya kila vali.

Kukagua chini hakuhitaji winchi wala gharama. Maji ya bamvua hapa pwani hupwa zaidi ya mita 3, na boti hii inazama mita 1.6. Iegemeze kwenye nguzo, ipwelewe, na una saa chache za kufanya kazi. Tikisa usukani kwa mikono miwili: ukilegalega sana, bushi, vipete vinavyoshika mhimili wake, zimelika. Toboa tundu la milimita 5 sehemu yake ya chini kabisa. Wangu ulitoa maji ya kahawia, dalili kwamba vyuma vya ndani vimeanza kuliwa. Hilo halionekani kwa nje hata ukipaka rangi mara ngapi.

Nyaya za mlingoti: pitisha pamba mwisho wa kila waya, pale unapoingia kwenye kishikizo cha chini, maana ndipo maji ya chumvi hutuama. Pamba ikinasa uzi mmoja uliokatika, waya mzima ubadilishwe. Zikipita miaka 10 kwenye jua letu, au umri wake haujulikani, mimi nabadilisha zote hata ziking'aa. Vyuma vinavyoshika nyaya hizo ving'oe, au angalau kimoja, maana stenlesi iliyofunikwa na maji yasiyo na hewa huliwa kimyakimya pale inapopenya sitaha.

Halafu kuna msimu, na hapa muuzaji alikuwa ananiuzia ndoto. Kilifi hadi mji wa Unguja ni takribani maili 160 za baharini. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo uko nyuma yako. Wakati wa kusi unaupata usoni, na mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini unaweza kufika noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Chukua mkondo wa noti 2 tu: boti ikipiga mbisho, yaani ikienda kwa zigizaga kuelekea upepo, kwa noti 4.5, nyuzi 50 kutoka kwenye upepo, inasogea upeponi chini ya noti 3, na ukitoa mkondo unabaki na chini ya noti 1. Ukiwasha injini kwa noti 5, unabaki na 3, yaani saa 53 na zaidi. Kwa lita 2.5 kwa saa utahitaji lita 133, na tangi ni la lita 100. Mwenye tikiti ya ndege ya kurudi nyumbani haoni hesabu hii, anaona tarehe.

Majaribio nayapanga hivi: kwanza kutwa nzima nje ya mwamba upepo wa noti 15 hadi 20, ukipunguza tanga kwa mikunjo yote, kisha Kilifi hadi Mombasa, takribani maili 30, sehemu iwe usiku, kisha saa 24 mfululizo. Kila ukirudi, fungua makabati yote na uonje maji ya ngama. Ya chumvi yanatoka baharini, matamu yanatoka kwenye tangi lako.

Jambo la mwisho halihitaji spana. EPIRB ya boti hii, kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti, ilikuwa bado imesajiliwa kwa mmiliki wa zamani, na betri yake imepitwa na tarehe. Ishara ikipokelewa, waokoaji humpigia aliyeandikwa kwenye usajili, naye atawajibu kwamba yuko nyumbani salama. Boti ikibadilishwa bendera, msimbo wa nchi ndani ya kifaa nao upangwe upya. Wa Kenya ni 634. Kazi hiyo hufanywa na wakala wa kifaa, na huchukua muda kuliko kubadilisha usukani.